Wavu, lango au kisiwa? Kuhusu istilahi za kumbukumbu ya kompyuta

Mwanafunzi wa kwetu husoma elektroniki kwa Kifaransa, na humo hukuta neno «grille flottante»: wavu unaoelea. Mwenzake wa Dar es Salaam husoma kwa Kiingereza, naye akitafsiri hupata lango linaloelea. Kitu ni kimoja. Tukiandika vitabu kila mmoja kwa njia yake, Kiswahili kitakuwa na majina mawili yasiyojuana.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze, wa maabara ya Bell huko Marekani, walieleza transista yenye kipande cha metali kilichozungukwa pande zote na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Volteji ikiwa kubwa ya kutosha, elektroni hupenya kihami na kunaswa katika kipande kile, nazo hubaki humo hata umeme ukikatika. Uwepo wake hubadilisha volteji inayohitajika ili transista ipitishe mkondo. Kompyuta husoma tofauti hiyo kama 0 au 1. Flashi tunazobeba mfukoni zimetokana na wazo hilo.

«Wavu» ni urithi wa vali za redio za zamani, ambamo kweli kulikuwa na waya uliofumwa au kuzungushwa. Hapa hakuna wavu. «Lango» nalo hufungua na kufunga njia, lakini kipande hiki kazi yake ni kuweka akiba. Na kuelea? Maana yake ni kwamba hakikuungwa na waya wowote, basi.

Utafiti wa baadaye umezidisha tatizo. Kihami kina unene wa nanometa chache tu (nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na kuandika na kufuta mara nyingi hukichakaza. Kikipata kasoro mahali pamoja, chaji yote ya kipande kizima huvuja. Katika miaka ya 1990 Sandip Tiwari na wenzake wa IBM waliweka chembe nyingi za silikoni zilizotengana badala ya kipande kimoja. Wengine wakajaribu dhahabu na platini. Kasoro ikitokea, chembe iliyo juu yake hupoteza elektroni zake, nyingine hubaki nazo. Tena metali kama hizo ni kama kisima kirefu zaidi: elektroni iliyozama humo hutoka kwa shida.

Chembe hizo naziita visiwa vya chaji. Zimezungukwa, zimetengana, na hufikiwa kwa kuvuka. Hata asiyewahi kuona bahari anajua Idjwi.

Limebaki tendo la kuvuka. Kifaransa husema «effet tunnel», na wapo wanaoandika «athari ya handaki». Siipendi: hakuna kinachochimbwa, na elektroni haiachi tundu nyuma yake. Tuna kitenzi kupenya, nacho hakihitaji nyongeza.