Kulifufua Pontiac GTO la 1964: Kutu, Mgandamizo na Risasi

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari ambayo wenyeji waliyaita "magari ya misuli", yaani bodi ya gari la kadiri iliyotiwa injini ya gari kubwa. Pontiac GTO la mwaka 1964 huhesabiwa na wengi kuwa mzazi wa ukoo huo. General Motors, iliyomiliki Pontiac, ilikuwa imekataza magari ya kimo hicho yasitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, waliikwepa amri hiyo kwa ujanja: injini ya inchi 389 ilitolewa kama nyongeza ya hiari ya gari la Tempest, wala si kama gari jipya. Mwaka wa kwanza yaliuzwa magari 32,450.

Mtu akilipata gari kama hilo leo, adui wake wa kwanza ni kutu. Majira ya baridi katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Kutu ni tukio la umeme na kemia: atomu ya chuma hupoteza elektroni mbili mahali pamoja, na oksijeni iliyomo majini huzipokea mahali pengine. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kazi ya uharibifu ikaharakishwa. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara hubeba sumaku iliyofungwa kitambaani. Pale isiponata kwenye bati, chini ya rangi pana puti, na pengine chini ya puti pana tundu.

Vipande vidogo vya chuma vyaweza kusafishwa kwa kuigeuza njia ile ile ya elektroni. Kipande huzamishwa katika beseni la plastiki lenye maji yaliyoyeyushiwa kabonati ya sodiamu (ndiyo iliyomo katika magadi ya Ziwa Magadi), kikaunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri. Ncha chanya hufungwa kwenye chuma chakavu cha kawaida. Chuma cha pua kisitumiwe kamwe mahali hapo, kwani kromiamu yake hutoa sumu kali majini. Tena kazi hii ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu hutokeza gesi ya hidrojeni, nayo hulipuka. Chaja izimwe kabla ya kugusa waya wowote.

Sasa tuingie katika injini, ambako hesabu ni tamu zaidi. Kila silinda ina kipenyo cha sentimita 10.32, na pistoni husafiri sentimita 9.525. Mwanafunzi akipiga hesabu atapata ujazo wa takriban sentimita za ujazo 797 kwa silinda moja, na kwa silinda nane karibu lita 6.4. Uwiano wa mgandamizo ulikuwa 10.75. Basi nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni 797 ÷ 9.75, yaani kama 82. (Tunagawanya kwa 9.75 na si kwa 10.75, kwa kuwa nafasi hiyo yenyewe imo katika ujazo wote. Hapa wengi hukosea.) Mgandamizo mkubwa hivyo huhitaji petroli isiyojiwasha kabla ya wakati na kuifanya injini igonge. Fundi akitaka kuushusha hadi 9, nafasi hiyo haina budi kufikia kama 100: aongeze 18 katika kila silinda, kwa mfano kwa kutia pistoni zenye kichwa kilichobonyea.

Zamani kugonga kulizuiwa kwa kutia petroli kampaundi ya risasi, uvumbuzi wa Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors mwaka 1921. Risasi hiyo iliacha pia utando mwembamba uliovikinga viti vya vali za kutolea moshi. Lakini ni sumu, nayo hudhuru hasa ubongo wa watoto. Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani tangu mwaka 1996, na mwezi Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kutoka Nairobi kwamba hakuna nchi tena iliyokuwa ikiiuza kwa magari, Algeria ikiwa ya mwisho.

Wapo wapenzi wa magari wasiokubali chuma cha asili kikatwe. Mwandishi haoni sababu ya kusitasita: pete ngumu za chuma zikitiwa mahali pa viti vya zamani, injini kwa nje haibadiliki hata kidogo, na vali hazili tena viti vyake.

Jambo moja huachwa nyuma na wengi kwa hamu ya kuisikia injini ikinguruma. Gari hili, lenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, lilitoka kiwandani na breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba moja likitoboka, breki zote hupotea. Kazi ianzie hapo. Na vumbi la pedi za zamani, ambalo huenda lina asbesto, liloweshwe na kufutwa kwa kitambaa chenye maji, wala lisipulizwe.