Chakula cha Akiba Mambrui: Ukavu Kwanza, Wingi Baadaye

Mambrui iko kaskazini ya Mto Sabaki, na Malindi iko ng'ambo ya pili. Anayetaka hospitali kubwa, duka la jumla au basi la Mombasa sharti avuke daraja. Mafuriko ya 2018 na yale ya El Niño mwishoni mwa 2023 yalizamisha mashamba ya bondeni hapa Magarini. Aprili 2020 Kaunti ya Kilifi ilifungwa kwa sababu ya korona, na kwa takriban miezi miwili watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka. Mwaka 2022, mvua zilipokuwa zimekosekana msimu baada ya msimu, pakiti ya kilo mbili ya unga wa sembe ilipita shilingi 200. Kwa hiyo maswali haya si ya watu wenye hofu za bure.

Tuko watu sita nyumbani. Nianze na akiba ya muda gani?

Wiki mbili. Mtu mzima anahitaji takriban kilokalori 2,100 kwa siku. Ukimhesabia kila mmoja gramu 400 za nafaka, gramu 100 za kunde, pojo au maharagwe, na gramu 30 za mafuta ya kupikia, utakuwa umefika karibu. Kwa watu sita na siku 14, hizo ni kilo 34 hivi za nafaka, kilo 8 na nusu za kunde au pojo, na lita 3 hivi za mafuta. Chumvi nusu kilo inatosha. Watoto hula pungufu ya hapo, kwa hiyo hesabu hii imemwachia mgeni nafasi, na huku kwetu mgeni hakosi.

Weka kile mnachokula siku zote. Wakati wa shida si wakati wa kumfundisha mtoto ladha mpya.

Kipato chetu ni cha siku kwa siku. Kilo 34 nitazitoa wapi?

Hazinunuliwi kwa mkupuo. Siku unayoweza kununua vibaba vitatu, kimoja kiende mtungini na kisiguswe. Walio katika chama wana njia nzuri zaidi: wanunue gunia moja mavuno ya mvua ya mwaka yanapoingia sokoni na bei kushuka, kisha waligawe. Mkulima naye asikimbilie kuuza mahindi yote baada ya kuvuna ili aje ayanunue tena kwa bei ya juu miezi michache baadaye. Hilo naliona kila msimu na linaniuma. Atenge kwanza ya nyumbani, ndipo auze yanayobaki.

Je, huku si kuhodhi chakula?

Anayehodhi huficha chakula wakati watu hawana, akisubiri bei ipande. Anayenunua kidogo kidogo wakati wa neema hamnyimi mtu, na kukiwa na shida hatakuwa kwenye foleni ya kugombania pakiti ya mwisho. Kisa cha Nabii Yusuf na miaka saba ya shibe kinajulikana na kila mtoto wa chuoni.

Mahindi yangu hayamalizi miezi mitatu, yanaoza au yanageuka vumbi. Nakosea wapi?

Hapa ndipo akiba nyingi za Pwani hufia, na naomba tusiharakishe. Hewa yetu ni ya bahari, ina unyevu usiku na mchana. Mahindi yaliyoanikwa vizuri yakikaa kwenye gunia la kawaida huunyonya unyevu huo tena. Ili yahifadhike salama, unyevu ndani ya punje usizidi asilimia 13.5.

Anika juu ya turubai, si juu ya mchanga, tena kwa tabaka jembamba. Geuza mara kwa mara, na uyaingize ndani kabla ya umande. Kisha yapime kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko kimoja cha chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika mbili tatu. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yamezidi asilimia 15. Isiponata, yameshuka chini ya hapo, lakini ili yafike 13.5 yaongezee siku moja au mbili za jua kali. Tahadhari moja: chumvi ya huku hulowa yenyewe, kwa hiyo ikaange kidogo na uiache ipoe kabla ya kupima, la sivyo itakudanganya.

Yakishakauka, yafungie mahali pasipoingia hewa. Ipo mifuko ya plastiki ya tabaka mbili au tatu inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ilibuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi, na kazi yake ni rahisi kuielewa: wadudu waliofungiwa ndani huimaliza hewa ya oksijeni, wakaacha kula, wakafa. Asiyeweza kuinunua atumie mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokuwa na mafuta ya kula, uliooshwa na kukauka kabisa. Ujaze hadi shingoni, ukaze kifuniko, usiufungue ovyo. Mitungi midogo kadhaa ni bora kuliko pipa moja, maana kila unapofungua unawarudishia wadudu pumzi. Mtungi uliobeba dawa ya shamba usitumike hata ukioshwa mara kumi.

Vile vidonge vya kufukizia wadudu msivitumie kabisa ndani ya nyumba mnamolala. Gesi yake huua watu.

Wazee walihifadhi mahindi kwenye uchaga juu ya jiko, na hayakuharibika. Kwa nini tusirudi huko?

Uchaga, au lutsaga kwa Wagiriama, ulikuwa ufundi wa kweli: moshi na joto la jiko vilikausha mahindi na kufukuza fukusi. Lakini wazee hawakupambana na dumuzi. Mdudu huyu ametoka Amerika ya Kati, akaingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 akaonekana Taveta. Yeye hupenda hasa mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, na huyasaga yakawa unga. Kwa hiyo tumieni uchaga kukaushia, kisha pukuchueni na kufungia.

Mahindi yakiota kuvu kidogo, nikiyaosha na kuyapika vizuri si yatafaa?

Hapana. Sumukuvu haiishi kwa kuosha wala kwa moto wa sufuria. Mwaka 2004, Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au kuliwa na wadudu zitenge na uzitupe, usiwape kuku. Mahindi yaliyolowa maji ya mafuriko nayo ni ya kutupwa, hata roho ikuume namna gani.

Na kitoweo?

Kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vingi haviendi baharini, basi samaki wa akiba awekwe mapema. Ng'onda na papa wa chumvi hudumu wakikaushwa juu ya chanja, wakafunikwa wavu kuzuia nzi, kisha wakaanikwa tena kila baada ya wiki mbili tatu. Chumvi hatuagizi mbali, mashamba yake yapo Gongoni. Nazi zilizokomaa zikiachwa ndani ya makumbi yake hukaa miezi kadhaa.

Muhogo je?

Muhogo ni ghala lililo ardhini, mradi upandwe juu kwenye mchanga na si bondeni, ambako mizizi huoza maji yakituama. Makopa yaliyokauka vizuri huongeza akiba. Muhogo mchungu usiharakishwe kwa sababu ya njaa: umenywe, ulowekwe siku kadhaa, uanikwe hadi ukauke kabisa. Katika ukame wa 1981 huko Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa ipasavyo.

Kuna jingine la kuweka, mbali na chakula?

Maji, na wengi huyasahau. Visima vya Baricho, vinavyotegemewa na Malindi na sehemu kubwa ya Kilifi, viko kando ya Sabaki huohuo unaofurika. Lita tatu za kunywa kwa kila mtu, kwa watu sita na wiki mbili, ni mitungi 13 ya lita 20. Ukishindwa, weka mitano na dawa ya klorini, ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Halafu fikiria moto. Kunde na maharagwe yakirowekwa usiku kucha huiva kwa makaa machache, na pojo huiva haraka zaidi. Kwa kuwa mashine ya kusaga inaweza kukosa umeme au dizeli, kilo kama kumi za akiba ziwe unga au mchele. Unga uliosagwa bila kukobolewa huchacha mapema, kwa hiyo uleni kila mwezi na kuweka mpya mahali pake.