Mkipotea Porini, Msigombane: Vidokezo 6 kwa Kundi Lenu

Jumamosi imefika, mko wanane kwenye vijia vya milima ya Uluguru, picha zimepigwa za kutosha. Mara ukungu unashuka, njia haionekani. Huyu anasema twende kulia, yule anasema tufuate mto, mwingine kashaanza kutembea! Tulieni. Vichwa vinane ni mtaji mkubwa, mradi mjue kuamua pamoja.

1. Kaeni chini kwanza!
Ndiyo, kaeni kabisa. Vaeni masweta, pigeni funda la maji, jihesabuni. Kila hatua ya papara inawatoa mbali na pale mtakapotafutwa kwanza.

2. Toeni vyote mezani
Meza hakuna, kwa hiyo tandikeni kanga. Kila mtu aweke alichonacho: maji, biskuti, tochi, kiberiti, filimbi, hata ile pakiti ya karanga uliyoificha chini ya begi (tunakujua!). Simu zizimwe zote, ibaki moja yenye chaji nyingi. Mkimaliza kuhesabu, tundikeni kanga mahali pa wazi. Rangi zake zinaonekana kwa mbali.

3. Pigeni kura ya viganja
Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jay Hall, alibuni zoezi ambalo bado linatumika kwenye mafunzo ya kazini: mmekwama mwezini na vitu 15, vipangeni kwa umuhimu. Kila mtu anapanga peke yake, kisha kundi linapanga pamoja. Kwa kawaida orodha ya kundi huishinda ya mwanakundi wa wastani, maana hakosi mmoja wa kukumbusha kwamba mwezini hakuna hewa, na kiberiti hakitawaka.

Shida ni kwamba huyo mmoja huenda ni mpole, na wenye sauti wameshamaliza mjadala. Dawa yake ni hii: hesabuni moja, mbili, tatu, halafu wote kwa mpigo mnyooshe mikono. Kiganja wazi, tubaki, ngumi, tuondoke. Hakuna wa kumwangalia mwenzake. Kisha walio wachache ndio waanze kujieleza, na wengine wasikilize hadi mwisho bila kudakia.

4. Mkubwa aseme mwisho
Bosi au kaka mkubwa akishatamka, nani atampinga? Adabu zetu ni njema, ila porini zinaweza kuficha jambo la maana. Kwa hiyo mkubwa aulize, asikilize, ndipo atoe uamuzi. Na uamuzi autoe kweli, maana manahodha wengi, chombo huenda mrama.

5. Saa ya kugeuza ipangwe nyumbani
Mei 1996, baadhi ya wapandaji wa Everest waliendelea kupanda hata baada ya saa 8 mchana, ilhali ilikwishazungumzwa kwamba muda huo ukifika wageuze. Dhoruba iliyofuata iliua watu 8 mlimani. Kilele kikiwa mbele ya macho, kugeuka ni kugumu mno! Basi kubalianeni saa mkiwa bado mnakunywa chai, na mtumieni ndugu ujumbe aujue muda wenu wa kurudi. Huku kwetu jua likishazama, giza halichelewi.

6. Mnung'unikaji mpe kazi
Meli ya mvumbuzi Ernest Shackleton iliposagwa na barafu ya Antaktika mwaka 1915, fundi seremala McNish alifikia hatua ya kukaidi amri. Shackleton hakumtupa. McNish ndiye aliyeinua kuta za mashua ndogo kwa mbao za kuokoteza, na mashua hiyo ikavuka bahari kwenda kuleta msaada. Watu wote 28 waliokuwa melini walitoka hai.

Kwenu je, yupo anayelalamika tangu asubuhi? Mkabidhi filimbi: milio mitatu, atulie asikilize kama kuna anayejibu, kisha mitatu tena. Pumzi anayo!