Hatari ya Kuchanganya Dawa za Mafua

Mtu apatwapo na chafya, macho kuwasha na pua kuziba, mara nyingi huenda dukani akanunua dawa mbili tatu, akazimeza pamoja apate kupona upesi. Desturi hiyo yaweza kumdhuru, kwa kuwa pakiti mbili zenye majina mbalimbali huweza kuwa na dawa ile ile ndani yake.

Dawa hizi ni za namna mbili. Namna ya kwanza hutuliza mzio, yaani chafya na mwasho uletwao na vumbi, chavua ya maua au manyoya ya wanyama. Miongoni mwake ni klorfeniramini, iletayo usingizi, na loratadini, ambayo haileti usingizi mwingi. Namna ya pili, kama pseudoefedrini, huzibua pua kwa kukaza mishipa ya damu iliyovimba. Kwa kuwa kazi zake ni mbali, mtu mzima mwenye afya njema aweza kutumia moja ya kila namna. Kosa ni kutumia mbili za namna moja.

Mathalan, dereva wa lori amemeza klorfeniramini, kisha akaongeza vidonge vya mafua. Vidonge vingi vya mafua vina klorfeniramini pia, pamoja na parasetamoli. Basi dereva huyo amemeza dawa ya usingizi mara mbili, naye yu njiani kwenda Mombasa. Tena akimeza parasetamoli nyingine kwa ajili ya kichwa, aweza kupita kipimo cha mtu mzima, yaani gramu 4 kwa saa 24, na kuzidisha huharibu ini.

Kwa hiyo yafaa kushika mambo haya:

1. Yasomwe majina ya dawa zilizomo, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, si jina kubwa la pakiti tu.

2. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo asitumie dawa ya kuzibua pua bila idhini ya daktari.

3. Matone ya kuzibua pua yasipite siku zilizoandikwa. Yakizidi, pua huziba kuliko kwanza.

4. Pombe isinywewe pamoja na dawa iletayo usingizi.

5. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe dawa ya mafua ya dukani bila shauri la daktari.

Asiyeweza kusoma maandishi hayo na amwonyeshe muuza dawa pakiti zote alizo nazo, kabla ya kununua nyingine. Kuuliza si ujinga.