Antena Moja, Masafa Mengi: Mizani Ndani ya Simu

Simu uliyo nayo hapa Kamenge huzungumza na minara kwa masafa kama megahezi 900 na 1800, hupokea GPS kwa 1575, na hutumia 2400 kwa Wi-Fi. Hata programu ya kibla hutegemea GPS: ikishajua uko Bujumbura, hukokotoa kuwa Makka iko takriban digrii 22 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Je, masafa yote haya yanaenea vipi katika kifaa cha kiganjani?

Kwanza, hesabu. Gawanya 300 kwa idadi ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Wimbi la 900 lina sentimita 33. Antena ya kawaida ya simu huhitaji karibu robo yake, yaani sentimita 8. Kwa 1800, robo ni sentimita 4 tu.

Pili, mbinu. Badala ya antena mbili, mhandisi hukata bamba moja la shaba lenye matawi mawili: refu la 900 na fupi la 1800. Kila wimbi huitikiwa na tawi linalolingana nalo. Tawi refu hukunjwa ili litoshe ukingoni mwa simu. Pengine bamba hukatwa mpasuo; umeme hulazimika kuuzunguka, na njia yake hurefuka bila bamba kukua.

Tatu, gharama. Mwaka 1948, L. J. Chu alionyesha kihesabu kuwa udogo wa antena una mpaka wake. Ukiibana mno, ama itahudumia ukanda mwembamba wa masafa, ama itapoteza nguvu kwa joto. Mtaka yote hukosa yote.

Ndiyo maana antena ndogo hudhurika upesi. Kiganja kikiifunika, huitoa katika masafa yake. Paa na kuta za bati nazo huzuia mawimbi. Simu ikipata mawimbi hafifu huongeza nguvu ya kurusha, na betri huisha haraka. Basi umeme ukikatika wakati wa mitihani, iweke karibu na dirisha, wala usifunike kingo zake.

Neno mizani tunalisoma katika Surat Ar-Rahman. Mhandisi wa antena naye hupima: udogo, upana wa masafa na nguvu, bila kimoja kuangamiza vingine.

Zoezi: tafuta robo ya wimbi la megahezi 2400. Ukipata sentimita 3 na kidogo, umeelewa somo.