Chemirocha Ni Nani?

Siku moja chamani tulisikiliza albamu ya nyimbo alizorekodi Hugh Tracey mwaka 1950. Mmoja, "Chemirocha", ulirekodiwa Kapkatet, si mbali na hapa Merigi. Wasichana wa Kipsigis wanamwimbia kiumbe nusu mtu, nusu swala. Wanamhimiza aruke ngoma mpaka nguo zimvuke! Mimi nikashikilia kuwa ni zimwi la kale. Kumbe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika huku; Jimmie akawa Chemi, Rodgers akawa rocha. Wenzangu walinicheka kweli kweli.

"Basi wimbo si wetu," mmoja akasema.

Hapo nilikataa. Jina ni la kukopa, sawa, lakini kinubi je? Na ile kuruka? Tulibishana hadi kengele ikalia.