KAUNTA YA FOMIKA HAIUAWI NA UCHAFU, INAUAWA NA MAJI

Leo tuongelee kitu tunachokiegemea kutwa nzima lakini hatukijali: kaunta.

Nina duka la mahitaji ya nyumbani hapa Karatu mjini, na pembeni nauza chai na maandazi kwa madereva wanaopanda Ngorongoro alfajiri. Kaunta yangu ni ya chipbodi iliyovalishwa fomika nyeupe, ile karatasi ngumu inayong'aa. Haikumaliza mwaka, kona ikavimba kama andazi na fomika ikaanza kubanduka.

Nikamlaumu mdogo wangu. Yeye ndiye anafungua duka, na kila asubuhi alikuwa anamwaga maji juu ya kaunta, anasugua kwa brashi, alafu anaacha ikauke yenyewe. Nikamgombeza mbele ya wateja. Fundi alipokuja akauliza swali moja tu: "Nani alimfundisha kusafisha?" Nikakosa jibu, maana hata mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Nilimwomba radhi. Hela ya matengenezo ikatoka kwenye mtaji, tena mwezi wa saba, wageni wamejaa barabarani na mimi rafu ziko wazi.

Sasa sikia alichonieleza fundi. Fomika ni karatasi nyingi zilizolowekwa gundi maalum, zikabanwa kwa joto kali mpaka zikawa kitu kimoja kigumu. Juu yake maji hayapiti. Lakini chini kuna chipbodi, yaani vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Maji yakipenya kwenye kiungo au ukingoni, chipbodi inanyonya na kuvimba. Ikishavimba hairudi.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Ondoa vumbi kwanza. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga. Ukisugua kavu kavu unakwaruza, mng'ao unakwisha. Lifagie taratibu kwa brashi laini.

2. Futa, usioshe. Maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji yanatosha. Chovya kitambaa laini, kamua mpaka kisidondoshe, ndio ufute. Rudia kwa kitambaa cha maji masafi, sabuni isibaki ikanata vumbi. Malizia kwa kitambaa kikavu, hasa kwenye viungo.

3. Doa la chai au manjano: koroga soda ya kuokea na maji kidogo iwe kama uji mzito, paka juu ya doa, acha dakika chache, futa bila kukandamiza.

4. Wino wa peni: tia spiriti kidogo kwenye pamba, gusa doa tu, alafu futa kwa maji. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Spiriti inashika moto haraka, hivyo zima jiko kabla hujaanza.

5. Achana na stilwaya, majivu, mchanga na wembe. Vinakwaruza, na uchafu unajificha kwenye mikwaruzo, kwa hiyo kesho utasugua zaidi. Jiki nayo usiiache ikae juu, inafubaza rangi.

6. Usiweke birika au sufuria ya moto moja kwa moja. Joto linaacha alama na kulegeza gundi. Weka kibao chini. Mkate nao ukatie kwenye kibao, sio juu ya kaunta.

7. Ziba viungo. Nunua silikoni kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakikisha pamekauka kabisa, paka mstari mwembamba kwenye kiungo na pale kaunta inapogusa ukuta, iache siku nzima bila kugusa maji. Mimi nakagua kila mwisho wa mwezi nikihesabu stoo.

Na kama una msaidizi dukani, mwoneshe kwa mkono wako. Usimwambie tu "safisha", alafu ukaja kudai hasara.

Kesho ukifungua duka, pitisha kidole kwenye ukingo wa kaunta yako. Ukihisi pamenyanyuka, pakaushe na umwite fundi wiki hii hii. Kubandika ukingo ni hela ndogo. Kununua bodi nzima ni mtaji wako.

Kazi njema.